Mchezo wa Panya na Bundi Katika Uwanja wa Madrasa



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Mmezoea kunisoma nikiandika juu ya kuhifadhi Qur'ani, adabu za chakula na haki za wazazi. Leo naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu nitaandika juu ya panya, bundi, vifuniko vya chupa na paka wa jirani yangu. Mwenye haraka asiniache njiani akidhani maalim ameacha dini na kuingia katika mambo ya msituni. Tutafika inshaAllah.

Hapa Gashonga madrasa yetu ni vyumba viwili vya matofali na stoo ndogo nyuma yake. Mwaka 2021 bundi wawili walifanya makazi juu ya stoo, katikati ya bati na mbao za dari. Walikuwa na nyuso nyeupe zenye umbo la moyo, na sauti yao haikuwa ule mlio wa "huu-huu" tunaousikia katika hadithi za watoto. Ilikuwa mkwaruzo mkali, kama mtu anayepasua shuka gizani. Watoto wa darasa la jioni walikuwa wakiisikia wanashikana mikono.

Kwetu bundi akilia juu ya paa watu husema kuna mtu atakufa. Wanyarwanda wanamwita igihunyira, na jina hilo peke yake linatosha kumnyamazisha mtoto anayelia. Basi mtoto mmoja wa madrasa alipougua homa kali wiki ile ile, maneno yakaanza. Baba mmoja alinijia baada ya swala ya Isha akaniambia: "Maalim, mtoto wangu hatarudi pale mpaka lile dege liondoke." Akafuata wa pili, akafuata wa tatu.

Hapa ndipo kosa langu la kwanza lilipo. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wanafunzi wakubwa ile hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) amekanusha itikadi za mikosi, na miongoni mwa alivyovitaja kwa jina ni "hama". Wanazuoni wameieleza hama kuwa ni bundi, au ndege ambaye Waarabu wa zama za ujahili walidai hutoka katika kichwa cha aliyeuawa na kulia akidai kisasi. Maana yake hadithi hiyo inamgusa bundi huyu huyu wa kwetu. Niliiandika ubaoni, nikaifafanua, nikatoa na mtihani. Kisha nikachukua mwanzi mrefu pamoja na vijana wawili, tukasukuma kiota kwa chini. Mayai manne yalianguka sakafuni yakapasuka. Bundi walizunguka juu ya stoo kwa siku tatu, halafu hatukuwaona tena. Wazazi walifurahi, wakaniombea dua. Mimi nikajiambia nimefanya kwa ajili ya amani ya jamaa.

Panya hawakuja siku ile. Kama wangekuja siku ile labda ningeelewa mapema. Mwaka 2022 tuliona mmoja mmoja. Mwanzoni mwa 2023 walikuwa wanakimbia juu ya dari mchana kweupe wakati watoto wanasoma. Ramadhani ya mwaka huo tulikusanya Zakatul Fitri ya nafaka, mahindi na maharage, tukaiweka stoo siku chache kabla ya Idi. Usiku wa kuamkia kugawa tulifungua mlango tukakuta magunia mawili yametobolewa, nafaka imemwagika na kuchanganyika na mkojo na mavi ya panya. Gunia moja ilibidi litupwe lote. Kulikuwa na majina ya familia zinazosubiri kwenye karatasi niliyoishika mkononi, na ilinibidi nikate. Na juzuu tulizokuwa tumezipanga rafuni walikuwa wamekwisha kuzitafuna pembeni.

Baada ya Idi nikanunua sumu sokoni, ile inayouzwa imefungwa katika karatasi bila maandishi yoyote. Nikaichanganya na unga, nikaiweka pembe zote za stoo, nikafunga mlango kwa kufuli ili mtoto asiingie. Nilijiona mtu mwangalifu. Panya ni katika viumbe ambavyo sheria imeruhusu kuviua hata ndani ya Haram ya Makka, kwa hiyo moyo wangu ulikuwa umetulia. Sikujiuliza kwamba ruhusa ya kumuua panya si ruhusa ya kutupa sumu mahali ambapo sijui itaishia wapi.

Siku ya tano paka wa bibi jirani alikutwa amekufa chini ya mparachichi.

Bibi huyu anaishi na mjukuu wake, ambaye ni mwanafunzi wangu. Paka yule ndiye aliyekuwa mlinzi wa mbegu zake za maharage. Watu walisema ameumwa na nyoka. Vijana wakachukua mapanga, wakakata na kuchoma kichaka kilichokuwa nyuma ya nyumba yake wakimtafuta huyo nyoka, na kichaka hicho ndicho alichokuwa akipata kuni. Nyoka hakupatikana. Mimi nilikuwepo. Nami nilikuwa nimemwona yule paka siku moja kabla, akitoka nyuma ya stoo na panya mdomoni, panya ambaye hata hakujitahidi kukimbia. Nilijua. Nikampa bibi pole, nikaenda zangu.

Wiki hiyo hiyo, kwa mujibu wa ratiba, somo la hadithi lilikuwa lile la mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Nililifundisha huku nikiangalia dirishani.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe, maana ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mwaka 2024 binti yangu alikuwa darasa la tano. Jioni moja alikuwa akikariri somo la sayansi kwa Kiingereza: nani anazalisha chakula, nani anakula majani, nani anakula nyama, nani anaozesha. Alikuwa akiyasema kama wimbo. Nikamuuliza kwa Kiswahili, "Sawa mwanangu, panya wa stoo yetu yuko wapi hapo?" Akanitazama kama nimemuuliza bei ya mwezi. Yalikuwa ni maneno ya mtihani, hayakuwa na uhusiano wowote na stoo yetu.

Mwalimu wao wa sayansi ni jirani yetu, si Muislamu, ila tunaheshimiana sana. Nilipomweleza alicheka akasema tatizo analijua. Mtaala mpya ulioanza kutumika Rwanda mwaka 2016 unamtaka mtoto ajifunze kwa kutenda, lakini katika darasa lililojaa utatenda wapi? Yeye ana mchezo anaotaka kuujaribu, ila anahitaji uwanja na watoto wachache. Mimi nina uwanja, na Jumamosi za likizo nina watoto 28 ambao baada ya kusoma saa mbili hawatulii tena. Tukakubaliana.

Tulianza na kamba. Watoto walikaa duara, kila mmoja na karatasi kifuani: jua, nyasi, mahindi, panzi, chura, nyoka, panya, paka, bundi, mwewe, minyoo, na kadhalika. Kamba ya mgomba ikatoka kwa jua kwenda kwa mahindi, kwa mahindi kwenda kwa panya, kwa panya kwenda kwa bundi, kisha ikarudi kwa panya kwenda kwa nyoka, mpaka katikati ya duara pakawa kama utando wa buibui. Mtoto mmoja akauliza sambaza yuko wapi, kwani yeye ndiye anayemla kila wiki. Mwalimu akafurahi sana. Akasema sambaza wa Ziwa Kivu si mwenyeji, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya Kivu kulikuwa na vijidudu vidogo sana vinavyoelea majini na hapakuwa na samaki wa kuvila. Sambaza anakula vijidudu, vijidudu vinakula mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na mimea hiyo inakula mwanga wa jua. "Kwa hiyo," akasema yule mtoto, "mimi nakula jua?" Tukamwachia jibu alilolipata mwenyewe.

Kisha mwalimu akamwambia mtoto aliyekuwa bundi aivute kamba yake. Kila aliyehisi kuvutwa akanyanyua mkono, nao wakavuta, wakahisi wengine. Hata nyasi walihisi. Ilikuwa nzuri, lakini nitasema ukweli wangu: mchezo wa kamba unampendeza mwalimu kuliko mtoto. Dakika kumi wameshachoka na mikono imewafa ganzi.

Mchezo wa pili ndio uliotushika.

Tulikuwa tumekusanya vifuniko 300 vya chupa za soda, au fanta kama tunavyoziita zote hapa. Tulifikiria kutumia maharage, lakini mimi nilikataa kwa sababu chakula ni neema na baada ya yale ya Zakatul Fitri sikutaka kuona maharage yakikanyagwa. Vifuniko vikamwagwa uwanjani, hivyo ndivyo punje za shamba. Watoto wanane wakawa panya. Wengine waliegemea ukuta, hao "hawajazaliwa". Filimbi ikilia kila panya anakusanya kwa dakika moja, kifuniko kimoja kimoja, anaenda kukiweka katika kofia yake au bakuli lake la uji (mifuko ya plastiki, kama mnavyojua, ilikwisha kupigwa marufuku nchini mwaka 2008). Asiyefikisha vifuniko kumi amekufa kwa njaa. Mwenye kumi ameishi. Mwenye ishirini ameishi na amezaa, anaenda ukutani kumchukua mtoto wake. Baada ya kila mzunguko shamba linaota: vifuniko vilivyobaki ardhini vinaongezwa mara mbili, visizidi 300.

Mtoto mmoja alishauri badala ya saa tuhesabu dakika kwa kusema subhanallah. Nikamwambia hapana, dhikri haitumiwi kama saa ya mkononi.

Mara ya kwanza tulicheza bila bundi. Wale panya wanane walipata ishirini zao wote, wakashangilia, wakazaa, wakawa kumi na sita. Vilivyobaki ardhini vikaongezwa mara mbili. Mzunguko wa pili ulikuwa vita. Kumi na sita waligombana, kofia ya mmoja ikamwagwa, binti yangu akakalia vyake, na filimbi ilipolia hapakubaki kifuniko hata kimoja uwanjani. Watano walikufa, wanne wakazaa. Kumi na tano wakasimama mstarini kusubiri mzunguko wa tatu, wamejiinamisha tayari kukimbia, na mwalimu akasimama tu mikono mitupu.

"Mwalimu, mwaga!"

"Nimwage nini? Hakuna kilichobaki cha kuota."

Wakatazamana. Akapuliza filimbi, ikapita dakika nzima wanazunguka uwanja mtupu, kisha wote kumi na tano wakafa kwa pamoja. Mvulana mdogo kuliko wote alikataa kutoka, akasema yeye anasubiri mvua.

Mara ya pili tuliweka bundi wawili. Bundi lazima aguse panya wawili kwa dakika, akikosa naye amekufa. Panya aliyeguswa anarudisha vifuniko vyake ardhini na kurudi ukutani. Sasa panya waliokuwa wanane, wanne wakikamatwa, wanne wanabaki, na kwa kuwa shamba ni la kutosha hao wanne wanapata ishirini zao na kuzaa. Wanakuwa wanane tena. Tulicheza mizunguko sita. Mara panya saba, mara tisa, mara nane. Mwalimu angeweza kuendelea mpaka Magharibi. Watoto waliochukia bundi kwa sababu wamekamatwa walianza kumtetea walipokuwa ukutani wakisubiri kuzaliwa.

Mara ya tatu mwalimu alichanganya vifuniko 40 vya bia kati ya vile vya soda, vyote vimefunikwa kifudifudi ili wasitambue kwa haraka. (Vya bia vilitoka wapi? Mwenye duka alinipa mchanganyiko, mimi nilitaka kuvitupa, mwalimu akasema vitatufaa kuwa sumu. Nikaona hapo tumeafikiana hata bila kujadiliana dini.) Kanuni ilikuwa moja kwa wote: atakayefikisha vifuniko sita vya sumu amekufa. Filimbi ikalia, panya wakakusanya, bundi wakakamata. Safari hii bundi alichukua vifuniko vya sumu vya kila panya aliyemkamata, kwa sababu aliyekula panya amekula na alichokula panya.

Tukahesabu. Panya karibu wote walikuwa hai, mmoja ana sumu mbili, mwingine tatu. Bundi wa kwanza alikuwa amekamata wawili, mmoja mwenye tatu na mwingine mwenye nne. Saba. Bundi wa pili alikuwa na sita kamili. Bundi wote wawili wamekufa katika mzunguko mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyeokota kifuniko kimoja cha bia. Mzunguko uliofuata tukarudi pale pale pa mwanzo: panya wengi, shamba tupu.

Bundi wa kwanza alikuwa mjukuu wa yule bibi.

Alikaa kimya akivitazama vifuniko saba mkononi. Mwalimu alikuwa anaeleza kwamba sumu nyingi za panya hazimuui papo hapo, panya huendelea kutembea akiwa mzito, ndiyo maana anakamatwa kwa urahisi. Kijana akainua kichwa akaniuliza mimi, si mwalimu: "Maalim, paka wa bibi hakuumwa na nyoka?"

Ndugu wasomaji, nimeulizwa maswali mengi katika miaka yangu ya kufundisha. Nimeulizwa juu ya roho, juu ya qadar, juu ya watoto wa makafiri. Hakuna swali lililonikausha mate kama hili. Mbele ya watoto 28 na mgeni nikasema: "Hapana. Aliuawa na sumu yangu." Kisha nikasema na la bundi, kwani mtoto mwingine alikuwa amekwisha kuanza kunyoosha kidole juu ya stoo. Nikawaambia hadithi ya hama niliwafundisha na sikuifuata.

Katika masharti ya toba tunawafundisha watoto kwamba kosa likihusu haki ya mtu, istighfari peke yake haitoshi, lazima haki irudi kwa mwenyewe. Basi jioni ile nilikwenda kwa bibi. Nilimsalimia, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza yote bila kupunguza. Nilikuwa na bahasha yenye faranga mfukoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema:

"Mwanangu, na ile pole uliyonipa?"

Sikuwa na jibu. Akasema fedha hazitaki. Anataka paka, na anataka niseme msikitini, kwa sababu kichaka chake kimechomwa kwa ajili ya nyoka ambaye hakuwepo, na vijana waliochoma bado wanajiona wamemsaidia. Nikasema msikitini baada ya Isha. Na haya mnayosoma ni mwendelezo wa kusema huko.

Katika siku zile nilirudi kwenye vitabu nikijisomea kwa jicho jingine. Aya ya 38 ya Suratul An'am inatufahamisha kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu. Nimeifundisha mara ngapi? Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) aliacha kuamrisha mbwa wote wauawe kwa sababu nao ni umma katika umma mbalimbali. Nilikuwa naisoma hadithi hii kama suala la mbwa. Kuna pia Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, ambaye katika Kitab al-Hayawan ameeleza jinsi panya anavyotoka kutafuta riziki akila walio dhaifu kuliko yeye, huku akijificha na nyoka na ndege wanaomtafuta yeye. Mwalimu wa sayansi alishangaa nilipomwonyesha. Yeye alikuwa anamjua Mwingereza Charles Elton, aliyeandika juu ya minyororo ya chakula mwaka 1927. Mimi sisemi kwamba Al-Jahiz alijua ikolojia yote ya leo, tusije tukatia chumvi kama baadhi ya wahadhiri wetu wanavyofanya. Nasema tu kwamba mtu mwenye elimu ya dini alikaa akamtazama panya kwa makini, na mimi niliyekuwa na panya juu ya kichwa sikumtazama.

Vivyo hivyo kuna wanaoitumia ile mizani ya Suratur Rahman kwa mambo ya mazingira. Wafasiri wameieleza kwa uadilifu na kwa mizani ya kupimia haki za watu. Sina elimu ya kuiongezea maana. Lakini gunia la Zakatul Fitri nililolitupa lilikuwa na kilo zake, na lilikuwa haki ya watu.

Mwalimu naye alinipa mifano yake. Mwaka 1958 serikali ya China iliwaamuru wananchi waue shomoro kwa kuwa wanakula nafaka. Wakawaua kwa mamilioni, kisha wadudu ambao shomoro walikuwa wakiwala wakaongezeka mashambani, na mwaka 1960 shomoro wakaondolewa katika orodha ya maadui, nafasi yao wakawekwa kunguni. Njaa kubwa ya miaka ile ilikuwa na sababu nyingi, za kisiasa zaidi, lakini hili nalo lilichangia. Na hapa hapa Rwanda, simba wa Akagera walimalizwa baada ya 1994, wengi kwa sumu, na wafugaji waliokuwa wakilinda ng'ombe wao. Ilibidi mwaka 2015 waletwe simba saba kutoka Afrika Kusini. Simba saba kwa ndege! Mimi nilikuwa nahangaikia kuleta paka mmoja kwa basi.

Si wazazi wote walifurahi. Mzee mmoja aliniambia waziwazi kwamba hakumleta mjukuu wake madrasa akajifunze kuwa panya. Nilimwelewa. Nilimwomba aje Jumamosi moja akae kwenye benchi. Alikuja, akakaa, na mzunguko wa pili alikuwa anampigia kelele mjukuu wake: "Bundi nyuma yako!" Hakusema kama amebadili mawazo, nami sikumuuliza. Mwingine alimtoa mtoto wake na mpaka leo hajamrudisha, si kwa mchezo bali kwa sababu maalim aliyekiri kosa mbele ya watoto, kwa maoni yake, amejivunjia heshima. Hilo linaniuma, nami sijui la kumwambia.

Wazazi mtakaotaka kuujaribu nyumbani hamhitaji watoto 28. Watoto sita, vifuniko 80 na bundi mmoja vinatosha, mkipunguza hesabu za kuishi na kuzaa. Wasio na uwanja waanze na sahani: kabla ya kula, mtoto atafute kila kilichomo kilikula nini, na hicho nacho kilikula nini, mpaka afike kwenye jua. Na wenye vidonge vya kijivu juu ya dari, msivifagie kama nilivyofanya mimi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutema manyoya na mifupa imeviringika. Tulipanda juu ya dari tukakuta kimoja cha zamani kimekauka pembeni, tukakiloweka na kukifungua kwa vijiti. Ndani mlikuwa na mafuvu manne ya panya. Watoto waliyapanga juu ya karatasi nyeupe, na binti yangu akayaandika majina yote kwa Kiingereza na Kiswahili, safari hii bila kuimba.

Paka alipatikana Bugarama, akaja katika boksi lenye matundu juu ya mapaja ya kondakta. Bibi amempokea. Bado hanisemeshi sana.

Sumu hatuweki tena stoo. Tumenunua mapipa mawili yenye vifuniko, tumeziba matundu ya ukuta kwa saruji, na mitego ya waya inafanya kazi yake, ingawa panya hawajaisha. Kwa ushauri wa mwalimu vijana walitengeneza kasha la mbao, wakalifunga juu kwenye ukuta wa nyuma, tukitumaini bundi watarudi. Miezi mitatu tulilitazama kila jioni. Mwezi wa nne likaingia kundi la nyuki.

Nilitaka kuwatoa. Watoto walikataa, wakaniletea hoja kutoka Suratun Nahl. Sasa wanapigilia misumari kasha la pili, na mjukuu wa bibi ndiye anayeshika ngazi.